Robo Kasoro Punje

Dada yangu Nakijwa kaituma kutoka Bremen,
imefungwa ndani ya soksi zake za baridi:
ndege nyuki, mabawa manne yamekunjwa kama miguu ya panzi.
Niliipima dukani kwa Semkiwa, Barabara ya Kumi na Nne,
upande mmoja wa mizani yenyewe, wa pili robo ya sukari.
Sukari ilishinda kwa punje chache.

"Ndivyo ilivyotakiwa," alisema kwenye ujumbe wa sauti,
pua imeziba kwa mafua ya kule.
"Ikizidi hapo, na sheria inazidi."
Kisha akanisomea, kituo kwa kituo,
kama mama alivyokuwa akitusomea ankara ya maji:
isipande zaidi ya mita mia na ishirini;
isitoke machoni pako, usiitazame kwa kioo cha simu peke yake;
isipite juu ya vichwa vya watu waliokusanyika;
uwanja wa ndege, hospitali, gereza, kaa mbali;
namba ya mwenyewe ibandikwe tumboni,
ili ikianguka kwenye supu ya mtu
ajulikane wa kushtakiwa.
Mtihani wake aliufeli mara ya kwanza. Swali la mawingu.
Alipofaulu, akaenda kuirusha
juu ya shamba la viazi lisilo na mtu,
dakika kumi na moja, vidole vimekufa ganzi.
"Nilimwomba mwenye viazi ruhusa," alisema. "Alicheka."

Hapa Tanga sheria ile haikushuka na mzigo.
Sheria haina pasipoti.
Ya hapa ina meza yake, na meza ina foleni.
Nikaandika barua, nikaambatisha nakala ya kitambulisho,
nikaambiwa nisubiri, nikasubiri.
Wiki ya tano nikajidanganya kwamba uani kwangu si angani.

Nikaipandisha kimo cha mpapai. Mpapai tu, basi.
Ikalia ile sauti yake ya nyuki aliyekosa mzinga,
upepo wa Raskazone ukaisukuma kidogo kushoto,
na kushoto ni kwa Bi Mwatumu.

Sikukusudia. Ila kamera haijui kukusudia.
Nikaona bati lake lililozibwa kwa lami na mfuko wa saruji,
nikaona nywele zake, nyeupe, ambazo miaka kumi na tisa
tangu tupakane ukuta sijawahi kuziona,
nikaona jiko lisilo na majivu mapya,
na yeye kainamia kikombe,
kijiko kinakwangua kopo tupu, kinakwangua tena.
Yeye ambaye kila asubuhi hunijibu juu ya ukuta:
"Nimeshastaftahi mwanangu, nimeshiba mpaka basi."

Picha niliifuta. Nilichokiona hakina kitufe.
Usiku nikaurudia ujumbe wa sauti tangu mwanzo,
nikitafuta kipengele cha ua wa jirani.
Kipo. Nakijwa alikisoma mbiombio, huku akipenga kamasi:
"Nyumba za watu, usipite juu bila ridhaa."
Ridhaa. Sisi neno hilo tumelifupisha tangu utoto,
herufi nne, unasimama nje unalitamka mara tatu,
usipojibiwa unarudi ulikotoka.
Nyuki huyu ana jicho, ana kumbukumbu, ana dira.
Mdomo wa kupiga hodi hakupewa.

Asubuhi nikarudi kwa Semkiwa: robo kamili, na punje zake.
Nikasimama mlangoni kwa Bi Mwatumu. Hodi.
Kimya. Hodi.
"Ngoja nijifunike!"
Na mlango ukakaa hivyo hivyo, umefungwa,
muda wa mtu kutafuta kanga, kuipata, kuitandaza kichwani,
na mimi nje nimeshika karatasi ya sukari,
mbali naye mita mia na ishirini.

Akafungua. Akapokea, akaipima kwa kiganja.
Hakusema ahsante.
"Nani kakuambia sukari imeniishia?"

Nikatazama juu.
Hakukuwa na kitu.